Kuchoma DVD: Tusikimbize Diski Kupita Uwezo Wake



Somo la safari hii ni la vikundi vinavyopiga video za harusi, matanga, harambee, kwaya na siku za wakulima, kisha kuzitoa kwa DVD. Ni kazi inayoweza kumpa kijana wa Chepilat riziki bila kuhamia Kericho au Nairobi. Kompyuta moja, kamera moja, stima na uaminifu vinatosha kuanza.

Siku hizi wengi hubeba video kwa flashi au kwa simu. Lakini bado ziko nyumba nyingi zenye mashine ya DVD chini ya televisheni, na wazee wengi hawataki kutafuta kitu ndani ya simu. Wanataka diski yenye jina la marehemu au la maharusi, iliyowekwa kabatini, ya kutolewa wageni wanapofika. Kwa hiyo kazi hii haijaisha.

Shida yake kubwa ni haraka. Mteja anataka nakala 50 kabla ya Jumamosi. Kijana anafungua kompyuta, anaona diski imeandikwa 8x, lakini mashine inamruhusu kuchagua 12x. Anachagua 12x. Diski inatoka, inacheza pale ofisini, pesa zinalipwa. Mwezi mmodi baadaye mama mmoja anarudi na diski mkononi: video inaganda karibu na mwisho, pale jeneza linapoteremshwa. Na kwenye kompyuta, video yenyewe ilishafutwa ili kupata nafasi ya kazi nyingine.

Marehemu hazikwi mara mbili. Kwa hiyo tujifunze vizuri mwendo wa diski ni nini, nani aliuweka, na kwa nini ni hasara kuuvuka.

1. NAMBA ILIYO JUU YA DISKI

Kila DVD tupu ina namba: 4x, 8x au 16x. Maana yake ni "mara nne", "mara nane", "mara kumi na sita". Mara nne ya nini? Ya mwendo wa kwanza kabisa, yaani 1x. Kampuni ya Pioneer ya Japani ilipotoa mashine ya kwanza ya kuandika DVD mwaka 1997, iliandika kwa mwendo huo wa 1x. Kwa mwendo huo diski ya kawaida ya gigabaiti 4.7 huchukua karibu saa nzima kujaa.

Diski ina mfereji mwembamba unaozunguka kutoka katikati kwenda nje, kama kamba iliyokunjwa. Ukiunyoosha, urefu wake unapita kilomita 11. Mwanga wa leza husafiri juu ya mfereji huo ukiacha alama ndogo sana. Sasa tazama mwendo wake:

- Kwa 1x, leza hupita kama kilomita 12 na nusu kwa saa. Ni mtu anayekimbia mbio za kupasha mwili moto asubuhi.
- Kwa 4x, ni kilomita 50 kwa saa. Ni pikipiki kwenye barabara nzuri.
- Kwa 8x, ni kilomita 100 kwa saa. Hata matatu hairuhusiwi mwendo huo. Kidhibiti mwendo chake hufungwa kwenye 80.
- Kwa 16x, ni kilomita 200 kwa saa.

Na wakati wote huo leza inatakiwa kuacha alama fupi kuliko sehemu moja ya elfu ya milimita, kila alama mahali pake, bila kugusa mfereji wa jirani.

Namba ya diski, basi, haikuwekwa kwa ajili ya biashara tu. Ni mwendo ambao kiwanda kilichotengeneza diski kiliupima, kikaona alama zinatoka safi. Juu ya hapo kiwanda hakikuahidi kitu.

Angalizo: usilinganishe namba za CD na za DVD. CD ya 48x inaonekana ina mbio kuliko DVD ya 16x, lakini sivyo. 1x ya DVD hubeba habari kama mara tisa ya 1x ya CD.

2. NDANI YA MASHINE KUNATOKEA NINI

Diski ya kuchoma ina tabaka jembamba la rangi maalumu. Leza nyekundu inapoipiga, rangi inaungua kidogo na kubaki doa. Madoa hayo, marefu na mafupi, ndiyo picha na sauti yako.

Wapishi wetu wanajua jambo hili tayari. Chapati inahitaji moto wa kiasi na muda wa kiasi. Ukitaka iive kwa nusu ya muda, itakubidi uongeze moto. Lakini moto ukizidi, nje inaungua na ndani inabaki mbichi. Leza nayo ni hivyo hivyo. Mwendo ukiongezwa, kila doa linapata muda mfupi zaidi, kwa hiyo leza huongeza nguvu. Rangi iliyotengenezwa kwa 8x inajua moto wa 8x. Ikipewa moto wa 12x, doa linaweza kutoka refu mno, fupi mno, au lenye ukingo uliochakaa.

Mashine inajuaje moto wa kutumia? Ndani ya diski, kabla haijauzwa, kiwanda huchapa namba yake ya siri kwenye mfereji. Mashine husoma namba hiyo, halafu hutazama katika orodha iliyo ndani yake: diski ya kiwanda hiki, tumia nguvu hii, kwa mwendo huu. Kisha hujaribu kidogo kwenye sehemu ndogo iliyoachwa karibu na katikati ya diski, kama mpishi anayeonja chumvi, ndipo ianze kazi.

Kama kiwanda hakimo kwenye orodha, mashine hukisia. Ndiyo sababu diski za bei ya chini kabisa, zisizojulikana zimetoka wapi, hutoa matokeo mazuri leo na mabaya kesho.

3. KWA NINI WATU HUVUKA MWENDO

Tusiwalaumu vijana bure. Jambo hili lina historia.

Mashine zilikimbia mbele ya diski. Kufikia mwaka 2004 mashine za 16x zilikuwa zimeanza kuuzwa, wakati madukani diski nyingi zilikuwa bado za 4x na 8x. Mwenye mashine mpya aliona anazuiwa bure. Watengenezaji wengine wa mashine wakaruhusu diski za viwanda vinavyoaminika zichomwe kwa mwendo wa juu kuliko ulioandikwa. Na wajuzi wa kompyuta huko ng'ambo wakaanza kubadilisha programu ya ndani ya mashine zao ili kila diski iende mbio.

Je, ilifaulu? Wakati mwingine ndiyo. Kiwanda kizuri huweka nafasi ya usalama, na diski iliyoandikwa 8x inaweza kuvumilia 12x. Hapo ndipo mtego ulipo. Diski tatu za kwanza zikifaulu, mtu anasema namba ile ni ya uongo. Lakini diski hazifanani zote, hata zilizo katika mkebe mmoja. Ya nne inaweza kukataa, na hutajua mpaka imefika nyumbani kwa mteja.

Sisi wa nchi ya majani chai tunalielewa hili. Mchumaji anayekimbilia kilo huokota majani makuukuu pamoja na machanga. Kikapu kinajaa haraka. Lakini kwenye kituo cha kununulia, karani anataka majani mawili na chipukizi, na majani magumu yanatupwa nje ya kikapu. Uzito ulikuwepo, bidhaa haikuwepo. DVD iliyokimbizwa ni kikapu kama hicho, tofauti ni kwamba karani wake ni mteja, na yeye hapimi pale mbele yako. Anapimia nyumbani.

4. UBOVU HUANZIA UKINGONI

Hapa ndipo penye jambo muhimu kuliko yote katika somo hili. Tafadhali mlisome mara mbili.

DVD huandikwa kuanzia katikati kwenda nje. Mwanzo wa video uko karibu na tundu, na mwisho wake uko ukingoni, kama diski imejaa. Sasa, mashine nyingi hazianzi na mwendo wa juu. Mashine ya 16x huanza na karibu 6x pale katikati, huongeza polepole, na hufikia 16x kule ukingoni tu. Huko diski inazunguka zaidi ya mara 9,000 kwa dakika. Diski isiyo sawa hucheza kidogo, na ukingoni ndipo mchezo huo unapozidi. Huko pia ndipo viwanda hupata taabu kubwa ya kuipaka rangi iwe sawasawa.

Kwa hiyo mwendo wa juu kabisa hukutana na sehemu dhaifu kabisa ya diski, na sehemu hiyo ndiyo iliyobeba mwisho wa video yako. Kwenye harusi ni keki na zawadi. Kwenye harambee ni kutangazwa kwa jumla ya pesa. Kwenye matanga ni kaburi.

Vijana wengi hupima diski kwa kuiweka, kuona picha ya kwanza, kisha kuitoa. Hapo wamepima sehemu ambayo haiharibiki kwa urahisi. Ukitaka kuijua diski, ruka mpaka dakika kumi za mwisho.

5. DISKI INA AKIBA, USIILE SIKU YA KWANZA

Hakuna DVD isiyo na kosa hata moja. Waliobuni DVD walijua hivyo, wakaweka njia ya kusahihisha: pamoja na video yako huandikwa habari za ziada, na mashine ikikuta doa lisilosomeka, hupiga hesabu na kurudisha kilichopotea. Kipimo cha kimataifa cha DVD kinaruhusu makosa ya ngazi ya kwanza yasiyozidi 280 katika kila mafungu manane ya habari yanayofuatana. Chini ya hapo, mtazamaji haoni kitu.

Ifikirieni kama akiba ya dharura ya kikundi. Mwanachama akiugua, akiba ipo. Mvua ya mawe ikipiga majani chai, akiba ipo. Lakini kikundi kikianza mwaka kimeshaitumia, shida ya kwanza inakiangusha.

Diski iliyochomwa taratibu huanza maisha na akiba kubwa. Ikipata mkwaruzo, alama ya kidole cha mtoto, moshi wa jikoni au jua la dirishani, inavumilia. Diski iliyokimbizwa inaweza kucheza vizuri siku ya kwanza, lakini akiba imekwisha. Mkwaruzo mmoja unatosha kuigandisha.

Ndiyo maana pia diski ile ile hucheza kwenye kompyuta yako na kukataa kwenye mashine ya mzee. Kompyuta ina jicho zuri na husoma tena na tena. Mashine ya zamani ya nyumbani, yenye vumbi kwenye leza, haina subira hiyo.

6. HESABU YA KIKUNDI

Tufanye hesabu, maana kikundi kisichopiga hesabu hufanya kazi ya kujitolea bila kujua.

Kuchoma diski iliyojaa huchukua takriban muda huu:

4x: dakika 14 hadi 15
8x: dakika 8 hadi 9
12x: dakika 6 hadi 7
16x: dakika 5 hadi 6

Tazameni vizuri. Kutoka 4x kwenda 8x mnaokoa dakika sita. Kutoka 8x kwenda 12x mnaokoa kama dakika mbili tu, kwa sababu 12x inafikiwa ukingoni peke yake.

Sasa tuseme mna nakala 50 za diski za 8x, na kila diski tupu mmenunua shilingi 30. Kubadilisha diski ni dakika moja.

Kwa 8x: dakika 9 na 1 ni 10. Mara 50 ni dakika 500, yaani saa 8 na dakika 20.
Kwa 12x: dakika 7 na 1 ni 8. Mara 50 ni dakika 400, yaani saa 6 na dakika 40.

Mmeokoa dakika 100. Lakini tuseme diski 8 zimeharibika. Kuzirudia kwa 8x ni dakika 80, na diski 8 mpya ni shilingi 240. Faida iliyobaki ni dakika 20, na mmezinunua kwa shilingi 240. Hapo bado hatujahesabu nauli ya boda boda ya kufuata diski mbovu nyumbani kwa mteja, wala jina la kikundi sokoni.

Njia ya kweli ya kuongeza kasi ni mashine ya pili. Mashine mbili zikichoma kwa 8x kwa wakati mmoja, dakika 500 zinakuwa 250. Ng'ombe wawili wanaovuta jembe kwa mwendo wao hulima vizuri kuliko mmoja anayechapwa akimbie.

7. MAZUNGUMZO YA KUSOMA KIKUNDINI

Watu wawili wasome kwa sauti. Mmoja ni mwenyekiti wa kikundi cha kina mama, mwingine ni kijana anayechoma diski.

MWENYEKITI: Chamgei, kijana wangu.

KIJANA: Chamgei mising, mama. Karibu kiti.

MWENYEKITI: Nimeleta kazi. Video ya mkutano wetu, nakala ishirini na tano. Nazitaka leo jioni.

KIJANA: Mama, naweza kukupa leo, lakini itabidi nizikimbize. Ukinipa mpaka kesho mchana, nitazichoma kwa mwendo wake na kuzipima zote.

MWENYEKITI: Jirani yako wa pale ng'ambo ya barabara amesema saa tatu tu.

KIJANA: Simkatai, mama. Lakini niulize: hizo diski zinaenda wapi?

MWENYEKITI: Kwa wanachama. Na moja ni ya wafadhili, wanataka kuona vile tulitumia pesa ya mabomba ya maji.

KIJANA: Na hesabu ya pesa ilisomwa lini kwenye mkutano?

MWENYEKITI: Mwisho, kabla ya maombi ya kufunga.

KIJANA: Basi mama, diski ikikimbizwa, kitakachoganda ni hesabu. Watu waone hotuba, wasione pesa. Watasema nini?

MWENYEKITI: Eh! Watasema tumeikata.

KIJANA: Ndiyo maana naomba kesho mchana.

MWENYEKITI: Sawa, kesho. Lakini nikipata moja mbovu, je?

KIJANA: Unanirudishia, nakupa nyingine bure. Video yenyewe nitaiweka kwa kompyuta mpaka uniambie zote zimecheza.

8. UTARATIBU WA KAZI

Hatua ya 1. Nunueni diski za aina moja, na mbaki nayo. Jina la nje si lazima liwe la kiwanda kilichoitengeneza. Programu ya bure kama ImgBurn huonyesha namba ya kiwanda iliyo ndani ya diski na miendo inayokubaliwa. Iandikeni kwenye daftari. Mkumbuke pia kwamba viwanda vya diski vinapungua duniani. Taiyo Yuden ya Japani, iliyosifiwa sana kwa ubora, iliacha kazi hiyo mwaka 2015. Diski iliyo dukani leo inaweza kuwa imekaa miaka. Kwa hiyo msinunue mkebe wa 50 kabla ya kujaribu chache.

Hatua ya 2. Hamisheni video kwenye kompyuta yenyewe kwanza. Msichome moja kwa moja kutoka kwenye flashi. Leza ikikosa habari hata kidogo, mashine husimama na kuanza tena, na kila kiungo ni nafasi ya kosa.

Hatua ya 3. Fungeni programu nyingine zote. Meza isitikiswe. Msicheze muziki wala filamu kwenye kompyuta hiyo hiyo.

Hatua ya 4. Chagueni mwendo kwa mkono. Msiache neno "Max". Kanuni rahisi: diski ya 16x ichomwe kwa 8x. Diski ya 8x ichomwe kwa 8x, au 4x kama mashine ni ya zamani. Diski ya 4x ichomwe kwa 4x. Msivuke namba iliyoandikwa, hata mashine ikiwaruhusu.

Hatua ya 5. Fanyeni kazi asubuhi. Nchi yetu ya Kericho na Bomet inajulikana kwa ngurumo na mvua ya mawe ya alasiri, na mara nyingi stima huenda nayo. Stima ikipotea katikati ya kuchoma, diski ya kawaida imekufa, haitengenezeki. Kikundi chenye uwezo kinunue betri ya akiba ya kompyuta.

Hatua ya 6. Wekeni alama kwenye neno "Verify". Kompyuta itasoma diski yote baada ya kuichoma na kuilinganisha na video ya asili. Kwa nakala nyingi, pimeni hivyo angalau moja katika kila tano, na nakala ya mwenye kazi ipimwe bila kukosa.

Hatua ya 7. Chukueni diski moja au mbili mkazicheze kwenye mashine ya nyumbani, ile ya zamani zaidi mnayoweza kuazima. Rukeni mpaka dakika kumi za mwisho. Ikipita hapo, itapita kwingi.

Hatua ya 8. Msifute video ya asili kabla mteja hajathibitisha. Mteja akubali kwa sahihi au kwa ujumbe wa simu. Ikiwezekana, mpeni pia nakala kwenye flashi yake.

9. TAHADHARI NYINGINE

Polepole kupita kiasi si dawa. Mwingine akisikia somo hili atataka kuchoma diski ya 16x kwa 1x. Rangi ya diski za mbio imetengenezwa kwa moto mkali wa muda mfupi. Moto hafifu wa muda mrefu unaweza kutoa madoa mabaya vilevile. Mashine nyingi hata haziruhusu. Mwendo wa katikati ndio salama.

Diski za kuandikwa tena, zile za RW, zina utaratibu wao. Fuateni mwendo ulioandikwa na msimpe mteja kama nakala ya kudumu. Mashine nyingi za nyumbani huzisoma kwa shida.

Msibandike karatasi juu ya diski. Ikikaa upande kidogo tu, diski inacheza inapozunguka, na gundi huvuta plastiki kadiri joto linavyobadilika. Andikeni jina kwa kalamu ya wino laini ya diski, upande wa juu. Msitumie kalamu ya kawaida yenye ncha ngumu.

Zitunzwe kwenye kivuli, zikisimama ndani ya kasha. Jua hufifisha rangi ile ile iliyochomwa.

Chomeni video zenu tu. Kunakili filamu au nyimbo za wasanii na kuziuza bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001. Kwaya ikiwapa kazi, andikianeni nakala ni ngapi na nani anaruhusiwa kuuza.

10. MASWALI YA KUJADILI

1. Katika kazi zetu za mwaka uliopita, ni diski ngapi zilirudishwa? Zilikuwa zinaganda wapi, mwanzo au mwisho?
2. Nani katika kikundi huchagua mwendo wa kuchoma? Je, wengine wanajua anachagua upi?
3. Tukimwambia mteja "kesho" badala ya "leo", tutamweleza vipi ili asiende kwingine?
4. Pigeni hesabu ya sehemu ya 6 kwa bei zenu wenyewe. Mashine ya pili itajilipa baada ya kazi ngapi?
5. Video za asili tunaziweka wapi, na kwa muda gani?

ZOEZI LA WIKI HII

Chukueni diski mbili za aina moja. Chomeni video moja kwenye zote mbili, iwe inayojaza diski. Ya kwanza kwa mwendo ulioandikwa, ya pili kwa mwendo wa juu zaidi ambao mashine itawaruhusu. Ziwekeeni alama A na B, bila kumwambia mtu ipi ni ipi. Zipelekeni nyumba tatu zenye mashine tofauti, na mwenye nyumba acheze dakika kumi za mwisho za kila moja. Andikeni matokeo. Kisha zihifadhini, mrudie baada ya miezi sita kwenye nyumba zile zile.

Huenda siku ya kwanza zote zikacheza. Msishangae. Kazi ya zoezi ni ile ya mwezi wa sita, maana hakuna anayenunua video ya matanga ili aitazame siku moja. Ananunua ili mtoto ambaye hajazaliwa aje kumwona babu yake. Kikundi kinachoweza kumhakikishia hivyo hakitakosa kazi hapa Chepilat, hata kama jirani yake anamaliza saa mbili mapema.